Bei ya Shekue

Kila alfajiri kampuni ya bima ya maisha ilitangaza kwenye simu bei ya kinga ya kila mteja, yaani gharama ya kujilinda na hasara iwapo mteja huyo angekufa. Bei ya Shekue ilikuwa imepanda mara tatu tangu juzi, ilhali mwenyewe alikuwa jikoni anakuna nazi.

“Mbona umenikodolea macho hivyo?” alimwuliza mkewe, Mwanahawa.

“Unaumwa popote?”

“Njaa tu.”

Mwanahawa hakucheka. Alijua kampuni haioni ugonjwa wowote. Ikiona kampuni nyingine zinanunua kinga ya mteja, nayo hununua, na bei hupanda. Lakini mtaani nani angemsikiliza?

Mlango ukabishwa. Jirani yao, Mama Kibibi, alikuwa na mkeka kwapani.

“Nimeona bei, mwanangu. Nikasema niwahi.”

“Shekue mzima, mama! Yuko jikoni.”

“Najua. Pole sana.”

Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wakipanda ngazi na masufuria. Mwanahawa alitaka kuwafukuza, akajikuta anavuta kochi ili wapate pa kutandika. Kochi lilikuwa zito. Shekue akatoka jikoni, akawatazama wote, kisha akashika upande wa pili.