Mpira Uliopita Dirishani

Hulda alitumbukiza kiwiko ndani ya pipa la maji, akakichomoa haraka.

"Yamezidi moto! Teodora, niletee mengine ya baridi. Kimbia, mwanangu!"

Teodora, mke wa jirani, hakuuliza. Asubuhi yote alikuwa akienda kijitoni na kurudi, na khanga yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Alichukua ndoo, akatelemka tena kwenye utelezi na manyunyu ya Julai.

Juu ya mafiga, debe la pombe iliyochacha lilikuwa likitokota. Bomba la shaba lilitoka kwenye debe, likaingia katika pipa la maji, likajizungusha humo, kisha likatokea chini na kudondosha gongo chupani. Kila mpika gongo anajua kazi ya pipa: maji yake yakipata moto, mvuke haugeuki kuwa gongo, unapotea hewani. Ndiyo maana marehemu Anania, mume wa Hulda, alifunga mpira mrefu wa bustani. Maji ya moto yalitoka pipani kwa mpira huo, ukiwa umelazwa mferejini, yakapoa humo, yakamwagikia ndooni, na ndoo ikamiminwa tena pipani. Maji yaleyale, mzunguko uleule.

Lakini leo Hulda aliung'oa mpira mferejini. Aliupitisha dirishani, ukaingia chumbani kwa binti yake Jeni, na mwisho wake ukatokea mlangoni.

Jeni alikuwa amelala humo tangu alfajiri, midomo imepauka, hana nguvu ya kuinua kichwa. Mimba yake haikufika siku zake, na damu ilikuwa imemtoka nyingi. Ronald, mwenye pikapu, alikuwa njiani kutoka Makambako kuja kumchukua ampeleke hospitali. Barabara ilikuwa tope tupu. Simu yake ya mwisho ilisema amekwama, kisha mtandao ukakatika.

Katika nyumba ya Hulda, kilichotangulia siku zake hakitajwi wala hakililiwi kabla jua halijatua. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Teodora alipotaka kusema neno, Hulda alimwinulia mkono tu.

"Tusisimame, mwanangu. Mtambo huu ukizimika kabla gari halijafika, tumekwisha."

Aliinua ndoo iliyojaa, akaimimina pipani. Mgongo ulimuuma. Akaweka ndoo nyingine.

Ndipo alipomwona Mzee Anderson akipanda njia, koti la Jumapili limefungwa hadi shingoni. Huyu mzee wa kanisa ndiye aliyesimama mbele ya usharika wakati Hulda anatengwa na meza ya Bwana, kwa ajili ya debe hilihili.

"Kamwene, Mama Jeni."

"Kamwene, mzee." Hulda hakuacha kuchochea. "Ukitaka kulivunja, livunje kesho. Hata mimi nitakushikia nyundo. Leo niachie."

Mzee alitazama debe, kisha mpira ulioingia dirishani. Teodora, aliyekuwa amefika na maji, alimnong'oneza maneno machache. Mzee akavua koti, akalitundika kwenye mti wa ua, akapiga magoti majivuni.

"Kuni zako mbichi hizi," alisema. "Zinatoa moshi tu. Ngoja."

Alikwenda kwake, akarudi na mzigo wa miwati mikavu begani, kuni alizokuwa amemwekea mkewe kwa ajili ya baridi. Akaanza kupuliza hadi machozi yakamtoka.

"Mzee," alisema Teodora, "Jumapili ukinuka gongo, nani atakuamini?"

"Nitawaambia niliipigia magoti."

Hulda alicheka, na kicheko kikageuka kwikwi. Alijifuta kwa ncha ya khanga, akatumbukiza kiwiko tena.

"Sasa ni vuguvugu. Hapohapo. Yakizidi tumeharibu, yakipoa tumeharibu."

Chupa ilijaa, ikafurika, gongo ikatiririka kwenye tope. Hakuna aliyeleta nyingine. Kiatu cha mzee kiliigonga, ikalala chali, na hakuna aliyeiokota.

Kisha maji yakaacha kutoka mlangoni.

Hulda aliitazama ndoo. Tone moja. Halafu hakuna.

"Mungu wangu," alisema, "usinitendee hivi mara mbili. Anania alitosha." Alikimbia, akateleza, akainuka na tope usoni, akiufuata mpira kwa mikono kama kipofu. Pale dirishani, ulipolainika kwa joto, ulikuwa umejikunja. Aliunyoosha. Alipouachia, ukajikunja tena.

"Nipe mimi," alisema Mzee Anderson.

Akaunyanyua mpira kwa mikono yote miwili, akasimama pale kwenye manyunyu, bila koti. Maji yakarudi kutoka. Mikono ilipochoka, aliegemeza viwiko ukutani, akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Hulda akawa anainua ndoo na kumimina, anainua na kumimina, huku Teodora akichochea.

Honi ilisikika bondeni.

Ronald alipanda mbio, matope hadi magotini. Alipofika uani, harufu ikamsimamisha.

"Shangazi! Kumbe mnapika? Na mzee wa kanisa naye yumo!" Aliinama, akaichungulia chupa. "Inamwagika bure. Nikupakieni? Makambako hii haikai."

"Mwaga yote," alisema Mzee Anderson.

"Nimwage? Sasa mmepika ya nini?"

Hulda alikwisha kuingia chumbani. Kando ya kitanda cha Jeni palikuwa na tenga la viazi lililotandikwa blanketi, na mpira umelizunguka pande zote. Teodora alifungua vifungo vya blauzi yake, akanyoosha mikono. Hulda akaondoa mzunguko wa kwanza, akaondoa wa pili. Na joto lilipomwacha, mjukuu wake, asiyejaza viganja viwili, akakunja uso, akalia.