Kona ya Simeoni

Kichwa cha treni, kikubwa kama kiatu cha mtoto, kiliingia konani, kikayumba, kikaanguka ubavu. Fabiano alikiokota, akakaza ufunguo wake, akakiachia tena. Safari hii kilipita salama.

Klara alipiga makofi. Mumewe alitikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Mara kinapita, mara hakipiti. Nataka jibu moja."

Akapiga magoti vumbini, akaanza kugusagusa reli alizokata kutoka kwenye debe la mafuta ya taa. Tangu wamzike Simeoni, mdogo wake, kila atokapo kazini ni hivyo hivyo. Hapo uani, kwenye kambi ya genge la vibarua wa reli ya Singida, alikuwa amejenga kwa umbo dogo kipande kile kile cha njia anachokisimamia kama mnyapara: tuta, mataruma ya vijiti vya mninga ya kubebea reli, na ile kona ambako kiberenge cha genge kilimwangukia mdogo wake. Wenzake walisema msiba umemvuruga akili. Klara alimtetea, ila moyoni alikuwa na hofu hiyo hiyo.

Simeoni alishaonya kwamba mataruma ya kona yameoza. Bwana Inspekta, Mzungu aliyekagua njia, akasema yangoje mvua ziishe. Baada ya ajali, Bwana huyo huyo alitangaza mbele ya genge zima kwamba marehemu alikuwa amelewa. Simeoni huyo, ambaye hata togwa aliinusa kwanza kabla ya kunywa! Aibu ikaufuata ukoo mpaka kwao Ihanja, na mama yao akaacha kwenda kanisani.

Kilichomshangaza Klara ni kwamba Inspekta mwenyewe ndiye aliyeupenda mchezo ule. Kumbe nyumbani kwake naye alikuwa na treni ndogo, zimejaa meza nzima. Siku alipoiona njia ya Fabiano alivua kofia, akachuchumaa na kaptula yake nyeupe vumbini. Alipopita tena alileta kile kichwa cha ufunguo, kitu cha Ulaya.

"Dawa ya huzuni, Fabiano," alisema. "Mimi nachezea yangu tangu vita."

Fabiano alishukuru, kisha akauliza maswali. Reli ya nje iinuliwe kiasi gani? Mzigo ukiwa mwepesi je? Na kiberenge cha Bwana, kile cha injini anachoendesha mwenyewe, hufika konani kwa mwendo gani? Inspekta alijibu yote kwa furaha, akapima kwa vidole, akachora mchangani. Walicheka pamoja.

Bwana alipoondoka, Klara alishindwa kujizuia.

"Baba Hana, unamchekea mtu yule? Na kaburi la Simeoni halijaota hata nyasi?"

"Anaijua kazi," alijibu Fabiano, akarudi kwenye kona yake. Klara aliingia ndani akalia.

Wiki zikapita. Fabiano alikonda, akawa hasemi na mtu. Aliinua reli kwa unene wa kijiti, akaishusha, akalegeza hapa, akakaza pale. Klara aliomba Mungu tu hiyo treni ikubali kupita, mume wake apumzike.

Jioni moja alisikia akiitwa. Sauti ilikuwa imetulia, ile ya zamani, kabla ya msiba. Alikuja mbio huku akifuta mikono kwenye kanga.

"Tazama, Mama Hana."

Kichwa kilishuka tuta kwa kasi, kikaingia konani, kikaruka nje ya reli na kulala chali. Fabiano akakiokota, akakiachia tena. Kikaanguka pale pale. Akarudia. Pale pale.

Klara alimshika bega kwa huruma. "Pole, mume wangu. Kesho utaitengeneza."

"Imeshatengemaa," alisema Fabiano, akanyanyuka na kuchukua spana kubwa ya kazini. "Bwana anapita asubuhi, peke yake."