Ndoo ya Maji ya Kusuuzia

Kila asubuhi mama alianika nguo za wateja uani, na binti yake wa miaka kumi akimpa vibanio, kimoja kimoja. Leo binti alinyoosha mkono, na kibanio hakikupokelewa.

Mama alianguka chini kama gunia. Akaanza kutetemeka, povu likamtoka mdomoni.

Binti aliikimbilia ndoo ya maji ya kusuuzia. Ndivyo walivyokubaliana wao wawili: maji yamwagwe sakafuni upesi, kisha wapangaji waambiwe mama ameteleza. Uongo huo ulikuwa umewavusha mara tatu, na wateja hawakupungua.

"Ameteleza tena?" Mama Pacha alicheka akichungulia mlangoni kwake. "Jirani yangu huyu ana miguu ya sabuni!" Kisha akaliona povu. "Jamani, vuteni watoto ndani! Msimguse!"

Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Wa Mama Pacha ukabaki nusu wazi.

Ndoo ilikuwa imeshainama mikononi mwa binti. Lakini kichwa cha mama kilikuwa kinagonga saruji, ko, ko, ko, na yeye alikuwa na mikono miwili tu.

Akaiacha ndoo. Akapiga magoti, akamlaza mama ubavu, akaingiza kiganja kati ya kichwa na saruji. Kumbe kibanio alikuwa bado amekishika. Kikamchoma.

"Mama Pacha," alisema, "hajateleza. Ana kifafa, na hakiambukizi. Nipe mtandio wako nimwekee chini ya kichwa."