Pazia la Eda

"Mwaija, hata wapimaji wa nyumba huwafungulii?" jirani aliuliza siku ile. Mwaija alikuwa amekaa eda ya marehemu mumewe, akabaki amesimama nyuma ya pazia la mlangoni.

Eda ilipokwisha aliitwa ofisini kwa mnunuzi mpya wa shamba la mkonge, Korogwe, aliyenunua pamoja na nyumba za wafanyakazi. Akavua kandambili, akaingia. Kwenye kompyuta ya fundi, programu ilikuwa imezigeuza nukta zilizonaswa na mashine ya wapimaji kuwa picha ya nyumba nzima. Mahali pa mlango wake palikuwa na ukuta.

"Chumba kisichomo humu kinabomolewa kesho, mama," alisema msimamizi.

"Lile ni pazia, baba! Wewe fundi, mwanangu, hebu nionyeshe ilivyokuwa kabla haijawa nyumba."

Fundi akazirudisha nukta. Ukuta ukawa na mikunjo ya kitambaa. Chini ya pindo, karibu na sakafu, vikaonekana vidole vya miguu.

"Wallahi ni mimi huyo. Nilisimama nikiwasikiliza."

Fundi akamtazama msimamizi.

"Programu imeshasema ni ukuta. Futa huo uchafu," alisema msimamizi.

Vidole vikatoweka. Mwaija akavitazama vyake, vina vumbi la njiani, akavitia kwenye kandambili, akatoka.