Oti Nyeusi

Gunia la mwisho la oti nyeusi, nafaka ya uji, liliteketea nyuma ya ofisi pale Lodwar, huku Chelangat, daktari wa mradi wa lishe, akisimamia mwenyewe. Mwanamke mwenye mbuzi akashika seng'enge ya ua.

"Dada, si utupatie sisi? Hata kama ni ya mbuzi."

"Hairuhusiwi, mama. Kampuni yenye mbegu imesema ichomwe."

Alijibu bila kugeuka, maana machozi yalikuwa karibu. Oti hiyo aliipigania mwenyewe. Maabara ilisema ina madini ya chuma maradufu ya oti nyeupe ya kawaida, na zinki nyingi ajabu. Akaipeleka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa watoto waliopungukiwa damu hadi viganja vikapauka kama chokaa. Nusu ya akina mama wakapewa unga wa oti nyeusi, nusu wa nyeupe, ili ijulikane ipi inaponya. Sharti lilikuwa moja: kila mtoto na unga wake.

Na Chelangat hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwanzoni tu alimkuta mama mmoja, Abigael, akimmegea jirani unga mweusi. Akamnyang'anya mfuko mbele ya wenzake, akamfuta kwenye mradi. Abigael alipiga magoti, akamshika miguu. Chelangat akajinasua. Mwezi haukuisha, mtoto wa Abigael akazikwa. Chelangat alijiambia kwamba wengi wataokoka kwa sababu ya ukali ule. Tangu siku hiyo hakumkamata tena mtu akivunja sharti.

Kisha yakaja majibu ya vipimo. Watoto wote walikuwa wamenenepa. Damu ilikuwa imepanda sawasawa, wa nyeusi na wa nyeupe. Alirudia kupima, na yakawa yale yale. Mike, mkubwa wake, akapiga simu kutoka Nairobi.

"Kama hakuna tofauti, tunanunua ya bei nafuu. Nyeupe, kambi nzima. Hiyo nyeusi kampuni haitaipanda tena, wala haitaki mbegu yake ibaki kwa watu. Choma."

Akachoma. Nguo zikinuka moshi bado, akashika njia ya Kakuma kuwapa akina mama habari.

Aliwakuta wamekaa chini ya turubai, watoto mapajani.

"Mmefaulu," akawaambia. "Kuanzia Jumatatu, kila mtoto kambini atapata oti nyeupe."

Alitegemea vigelegele. Nyagoa, mmoja wa waliopewa nyeusi, akasimama na mwanawe Duop mgongoni.

"Daktari, na ile nyeusi?"

"Imekwisha, mama Duop. Haitakuja tena. Lakini nyeupe inatosha! Jirani yako Alek alipewa nyeupe, na mtoto wake si amepona sawa na wako?"

Nyagoa akamtazama Alek. Alek akainamisha kichwa.

"Kuna nini? Semeni. Mradi umefungwa, simfuti mtu."

"Kweli hufuti?"

"Kweli."

Nyagoa akashusha pumzi, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi mimi nasema. Sisi wote hapa tunamwaga nyeusi na nyeupe kwa sufuria moja, watoto wote wanakula. Ile wakati Alek alikuwa anapika nyeupe peke yake, daktari, mtoto yake alikuwa anakufa."