Kumi na Mbili ya Kizungu

Muuguzi Dafroza aliporudi getini na chupa ya chai ya wenzake, hakukuta mtu. Bango lao la mgomo lilikuwa limelala majanini. Akaliokota, akasimama nalo.

"Sista, bado umegoma?" mlinzi akashangaa. "Wenzako wameshaingia kazini."

"Mahakama imeturuhusu mpaka saa kumi na mbili jioni." Akamwonyesha ujumbe kwenye simu: Mwisho 12:00.

Mlinzi akausoma, sauti ikamshuka. "Hiyo ni ya kizungu, sista. Saa sita mchana. Sasa hivi ni saa nane, unagoma kinyume cha sheria."

Kwenye dirisha la wodi ya wazazi, rafiki aliyeandika naye bango lile alikuwa akimtazama. Dafroza akamwinulia chupa ya chai.

Rafiki akavuta pazia.