Kitambaa cha Bi Sikudhani

Uvundo ndio uliomwita Mwanaidi sebuleni. Tangi la samaki lilikuwa dirishani, pazia wazi ili wapita njia walione, jua lote likiingia, na taa yake ikiwaka mchana kweupe. Mama mkwe wake alikuwa amelifunika gubigubi kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, ncha zake zimezama majini. Samaki mmoja alishakufa, amevimba, amenasa kwenye nyuzi. Waliobaki walikuwa wamepanda juu, wakifungua midomo na kuifunga.

Alitia kidole. Maji yalikuwa ya moto, tena yanateleza kama makamasi.

"Mama, samaki wanaiva humu!"

"Sasa wageni waje wakute tangi liko uchi?" alijibu Bi Sikudhani, akitoka jikoni na sinia la vitumbua. "Kama ni joto, watilie barafu."

"Barafu ya ghafla itawamaliza. Wanataka kupozwa taratibu."

Mwanaidi alizima taa, akavuta pazia. Alikivuta kitambaa kikichuruzika ute, akakitupa sakafuni, kisha akageuza feni ipulize maji.

Hodi ikapigwa. Bi Sikudhani aliokota kitambaa haraka, akamkung'utia yule samaki nje ya dirisha, akakikamua, akakitandaza vizuri juu ya vitumbua.

Wageni wakaingia, wakaketi.

"Mashallah, umefuma mwenyewe?" aliuliza mmoja, mkono wake ukipenya chini ya kitambaa.

Mwanaidi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.